Chupa Iliyosimama Juu ya Kabati

Baba yangu alitaka jambo moja kabla ya kufa, nalo lilihitaji divai isiyozidi kijiko kimoja. Juma lile la mafuriko, nyumbani kwetu Bujonde palikuwa na chupa moja tu ya divai, na chupa hiyo ilikuwa yangu. Ninayaandika haya kwa mpangilio kwa sababu kila nilipojaribu kuyasimulia bila mpangilio nilijikuta nimekwama palepale, katikati ya sebule, mkononi nimeshika nusu ya kizibo.

Nianze na chupa yenyewe. Nilipomaliza shahada ya uzamili, msimamizi wangu aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akatoa kwenye droo ya chini kitu kilichoviringishwa kwa gazeti. Yeye ni Mwislamu asiyeonja kileo. Alikuwa amezawadiwa kitu hicho na wenyeji wake katika mkutano wa ng'ambo, watu waliomheshimu sana wasikumbuke kumwuliza anakunywa nini, na kwa miaka kadhaa alikuwa amekificha chini ya mafaili.

"Kuinywa siwezi," alisema. "Kuimwaga naona haya, maana najua ni kazi ya mikono ya watu. Wewe ni mtu wa uchachushaji. Ichukue, lakini usije ukaniambia uliifanyia nini."

Utafiti wangu ni wa uchachushaji wa kakao. Mbegu zikiwa bado na ute wake mweupe hurundikwa katika sanduku la mbao, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kwa siku tano au sita viumbe wasioonekana hufanya kazi kwa zamu. Kwanza hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Kisha huja bakteria ambao hukigeuza kileo hicho kuwa siki. Mkulima wa Bujonde hahitaji maneno haya. Huingiza mkono kwenye rundo, hunusa kiganja, akajua ni siku ya ngapi. Mimi hutumia vipimo. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyofanya neno langu liaminiwe.

Ilikuwa divai nyekundu ya shamba linaloheshimika sana huko itokako. Usiku wa kwanza nilisoma kila nilichoweza kupata juu yake. Nilijifunza kwamba divai ya namna hiyo haihesabiwi kwa jina la shamba peke yake bali pia kwa mwaka wa mavuno, na kwamba mwaka ulioandikwa kwenye chupa yangu ulikuwa wa kusifiwa: jua lilitosha, na mvua ilikaa mbali hadi zabibu ya mwisho ilipokatwa. Nilijifunza pia kwamba kila mwaka wenye shamba humpa mchoraji mwingine kazi ya kutengeneza lebo, ili mwaka na picha vifungamane visitenganishwe tena. Wapo watu wanaozikusanya chupa hizo kwa ajili ya lebo tu.

Lebo yangu ilikuwa na karatasi nene ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Juu yake mchoraji alikuwa amepiga mistari minane ya wino mweusi, niliihesabu mara nyingi, na mistari hiyo minane ilikuwa ndege. Mabawa yalikuwa yamekunjuliwa nusu. Chini ya miguu palikuwa na doa moja jekundu lililopakwa kwa kidole, hata mikunjo ya ngozi ya kidole ilionekana. Pembeni ilikuwepo sahihi ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisoma nyumbani kwetu.

Niliipeleka nyumbani kwa sababu mwanafunzi wa bwenini hana pa kuweka kitu kama hicho. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akasema "ndaga fijo", ahsante sana, kana kwamba imeletwa kwake, akatandika kitambaa cha kufuma juu ya kabati la vyombo, akaisimamisha katikati, uso wa lebo ukitazama mlango.

Divai yenye kizibo cha gome la mti hulazwa, ili kizibo kisikauke. Huwekwa mahali pa baridi, penye giza. Nililijua hilo siku ileile. Nyumba yetu ni ya bati bila dari, na miezi ya Novemba na Desemba Kyela huwa kama sufuria iliyofunikwa. Nilimwambia mama kwamba tungeweza kuilaza ndani ya mtungi mmoja wa zamani, ule wa udongo ambao baba aliwahi kuununua soko la Lyulilo, tukaizungushia mchanga mbichi.

"Kitu cha heshima ukizike mchangani?" mama aliuliza. "Wageni watakiona wapi?"

Sikusisitiza. Ukweli kamili, nao ndio ninaojitahidi kuuandika, ni kwamba mimi pia nilipenda ionekane. Nilipenda mgeni aingie, asalimie, aketi, kisha macho yake yapande juu ya kabati na aulize, nami nieleze. Chupa ilisimama hapo miaka miwili.

Kila aliyeingia alikuwa na neno juu ya yule ndege. Jirani yetu, bibi mmoja mwenye ulimi mwepesi, alisema ni kuku aliyekanyagwa na pikipiki. Mwalimu wa shule ya msingi alidai ni tai, kwa kuwa kitu cha ghali hakiwezi kuchorwa kuku. Baba peke yake ndiye aliyekuwa na hakika.

"Huyo ni mnandi," alisema. "Ametoka majini, anakausha mabawa. Nimewatazama miaka kumi na tisa, sihitaji kuambiwa."

Baba hakuwa mwenyeji wa huku. Alizaliwa Singida, serikali ikamleta kuwa afisa uvuvi, na kwa muda mrefu kituo chake kilikuwa Matema, kando ya ziwa, akipima matundu ya nyavu kwa rula na kugombana na wenye nyavu za matundu madogo. Mama ni Mnyakyusa wa hapahapa. Baba alijifunza Kinyakyusa cha kusalimia na cha kutania, hakuendelea zaidi, na hadi anastaafu wavuvi walikuwa wakimwiga anavyosema "mugonile" kwa lafudhi ya Kinyaturu.

Siku moja aliniuliza mwaka ule una nini hata uandikwe kwa herufi kubwa kuliko jina.

Nilimweleza habari ya jua na mvua.

"Basi hata mchele wetu ungeandikwa mwaka."

"Mchele wa mwaka jana ni mchele wa mwaka jana," mama alidakia kutoka jikoni. "Unavimba sufuriani, basi. Hauhitaji picha."

"Na picha hii inaisaidia nini pombe?" baba akaendelea.

Nikamweleza habari ya wachoraji, jinsi kila mwaka unavyopewa mkono wake.

"Sasa wanauza picha au wanauza pombe?"

"Baba, ukitazama vizuri, thamani yake ina sehemu mbili, na sehemu ya kwanza haiwezi..."

"Mwanangu, nimekuuliza kwa kifupi."

Alicheka, nami nikacheka. Nilikuwa mtu wa kuulizwa kwa kifupi na kujibu kwa kirefu, na nyumbani walikuwa wameshanizoea.

Sasa niseme lile ambalo baba alilitaka. Nilipokuwa darasa la sita ilijulikana kwamba alikuwa na nyumba nyingine Ngonga, na mwanamke ndani yake. Wazee wa kanisa walimwita. Hakukana. Jumapili iliyofuata tangazo lilisomwa kwamba ametengwa, maana yake haruhusiwi kushiriki Meza ya Bwana mpaka atakapotubu na kurudishwa kundini. Mama yangu ni mmoja wa wanawake wanaoiandaa meza hiyo: huosha vikombe, hupiga pasi vitambaa, huvitandika kabla ya kengele ya kwanza. Alisikiliza tangazo lile akiwa ameketi safu ya pili, na baada ya ibada alirudi mbele kukusanya vikombe kama kawaida.

Yule mwanamke wa Ngonga alihama wilaya kabla sijamaliza sekondari. Baba angeweza kurudi kundini tangu hapo. Alichotakiwa ni kuungama mbele ya wazee, kisha kupokelewa mezani. Kila mwaka alisema, "Mwaka huu nitakwenda." Kila siku ya ushirika alikaa ibadani mpaka mahubiri yalipokwisha, kisha akatoka taratibu kwenda kusimama nje penye baiskeli, akisoma matangazo ya zamani ukutani, hadi watu walipomaliza kula na kunywa. Sikuwahi kumwuliza kwa nini hakwenda kwa wazee. Nilidhani nalifahamu jibu: kwamba mtu aliyezoea kuwapima wengine hapendi kupimwa. Leo sina hakika kama nilikuwa nalifahamu hata kidogo.

Mwaka huu ini lake lilishindwa. Daktari alinieleza kwa maneno ninayoyaelewa, na kwa kuwa niliyaelewa sikuweza kujificha. Niliacha sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamivu mezani nikarudi nyumbani. Tumbo lake lilijaa maji, miguu ilivimba, sura ikawa ndogo. Tulimwekea godoro juu ya sofa ndefu ili asikae chumbani peke yake. Alilala pale akitazama kabati, na asubuhi moja alimwambia mama, bila utangulizi wowote, "Mwite mchungaji. Nataka kurudi."

Mama alikuwa anachambua mchele. Alisimamisha mikono. "Leo?"

"Nimechelewa vya kutosha."

Mchungaji alikuja na mzee mmoja wa kanisa. Sisi tulitoka nje. Sijui baba alisema nini, ila mzee wa kanisa alipotoka alikuwa anafuta miwani yake, naye si mtu wa machozi. Ni mnunuzi wa kakao, hodari wa kupunja kwa maneno matamu. Walikubaliana kwamba Jumapili, baada ya ibada, watakuja kumpa baba ushirika palepale sofani. Kwa desturi ya usharika wetu jina halitoki kwenye orodha ya waliotengwa mpaka mtu awe ameshakula na kunywa. Maungamo hufungua mlango, mchungaji alimweleza mama, lakini kuingia ni mezani. Na mtu akifa jina lake likiwa bado kwenye orodha, mchungaji hamziki.

Kati ya siku ile na Jumapili mvua ilinyesha kama inavyojua kunyesha huku mwezi wa Aprili. Mto Kiwira ulipanda juu ya kingo. Ijumaa barabara ya mjini ilikuwa chini ya maji, mashamba ya mpunga yamekuwa ziwa la pili, na pikipiki zote zimelala. Sisi tulikuwa juu kidogo. Maji yaliishia kwenye mibuni ya jirani. Divai ya usharika ilikuwa imekwisha wakati wa Pasaka, na ile mpya ilikuwa mjini, ng'ambo ya maji, ikisubiri mtu wa kuichukua.

Mchungaji alimweleza mama jambo hilo Jumapili asubuhi, mlangoni mwa kanisa. Mkate upo, divai hakuna.

"Divai ipo nyumbani kwangu," mama alijibu.

Hakuniuliza, wala hakuwa na sababu ya kuniuliza. Aliponiambia njiani, tukitembea na viatu mkononi, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa kwamba chupa ile nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya siku ya kutetea tasnifu. Wazo hilo lilidumu hatua tatu au nne. Nimelihesabu tangu wakati ule mara nyingi kuliko mistari ya yule ndege.

Walifika saa nane mchana. Mchungaji alikuwa amekunja suruali hadi magotini, kanzu yake ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuubeba kichwani. Mzee wa kanisa alikuwa na mkate ndani ya kopo. Mama alikuwa ametandika kitambaa cheupe kwenye meza ndogo na kuisogeza karibu na sofa. Baba alikuwa amevaa shati lake la kazini la zamani lenye mifuko miwili, lililomzidi sasa, na mama alikuwa amemnyoa ndevu.

"Bwana samaki," mzee wa kanisa alimtania, "leo umevuliwa wewe."

"Nyavu zenu zina matundu madogo," baba alijibu. "Zingepimwa, zingechomwa moto."

Hata mchungaji alicheka. Ninataka ijulikane kwamba chumba kilikuwa na furaha.

Niliishusha chupa. Hatukuwa na kifaa cha kung'olea kizibo. Nilichukua skrubu ndefu na koleo kwenye sanduku la vifaa la baba, nikaizungusha skrubu, nikavuta. Kizibo kilikatika katikati, kimekauka kama mkate wa wiki mbili. Nusu iliyobaki niliisukuma ndani kwa mpini wa kijiko. Mchungaji alikwishavaa kanzu. Mama alinyoosha kikombe. Nikamimina kidogo.

Rangi ilikuwa ya matofali. Harufu ilinifikia kabla sijainua kikombe, nami niliitambua kama mtu anavyotambua sauti ya ndugu yake: ndiyo harufu ya sanduku la kakao siku ya nne, bakteria wakiwa kazini. Nilionja kwa ncha ya ulimi. Sikuhitaji kuonja.

Bila shaka uso wangu ulibadilika, kwa sababu mchungaji alisema, "Kuna nini?"

"Imekaa vibaya," nilisema. "Joto, na kizibo kilikauka. Ilitakiwa ilazwe."

Mzee wa kanisa alichukua kikombe akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Aisee. Hii ya kachumbari."

"Tutie maji na sukari kidogo," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Mama, kikombe cha Bwana si uji," mzee wa kanisa alisema, lakini kwa upole.

Mchungaji hakuitazama divai. Alinitazama mimi. Ni mtu wa makamo, mpole, asiye na hila, na anawaheshimu waliosoma kuliko inavyofaa. "Binti yangu," alisema, "katika nyumba hii na katika usharika huu wote, wewe ndiye mwenye elimu ya vitu hivi. Nitakubali neno lako. Hii bado ni divai?"

"Mchungaji, inategemea tunafafanuaje. Kileo hakijaisha chote. Mabadiliko haya hayana mstari mmoja ambapo unaweza kusema hapa..."

"Sasa tumefika chuo kikuu," mzee wa kanisa alinong'ona.

"Nileteeni," baba alisema kutoka sofani. "Mimi nimekunywa pombe ya kimpumu ya siku nne, ya kuzibia pua, nikaamka nikaenda kazini. Siki itanifanya nini?"

"Wewe mzee, nyamaza," mama alisema.

"Mwanangu," baba alisema. "Kwa kifupi."

Nilifikiri. Watu husema kwamba mambo kama haya hutokea ghafla. Kwangu hayakutokea ghafla, nilikuwa na muda. Nilifikiri juu ya kiwango cha asidi. Nilifikiri kwamba nikisema ndiyo na ikawa si kweli, baba atakuwa amerudishwa kundini kwa uongo wa mtoto wake, na je, kurudishwa kwa namna hiyo kunahesabika? Nilifikiri juu ya msimamizi wangu, aliyenifundisha kwamba mtafiti hasemi anachotaka bali anachokiona. Nilifikiri kwamba baba amesubiri muda wote huo na anastahili kitu safi. Nilifikiri hata kwamba siku nne zaidi hazikuwa nyingi. Hakuna hata moja kati ya fikra hizo ambayo ilikuwa ovu.

"Ndiyo au hapana?" mchungaji aliuliza.

"Hapana," nilisema. "Imekuwa siki."

Mchungaji alipumua, akaanza kuvua kanzu. Alisali, akaweka mkono kichwani mwa baba. "Alhamisi, mzee wangu," alisema. "Maji yatakuwa yamepungua. Nitakwenda mjini mwenyewe kwa miguu yangu, nitarudi na divai iliyo nzima, tutaifanya kazi hii kwa heshima yake."

"Alhamisi," baba alikubali. "Kwani haraka ya nini."

Kisha akaomba alazwe upande wa ukutani, kwa sababu mgongo ulimuuma.

Jumatatu na Jumanne alikuwa mchangamfu kuliko siku za nyuma, na hilo lilinipa moyo, ingawa nilikuwa nimesoma kwamba halipaswi kumpa mtu moyo. "Mtaalamu," aliniita mara moja, "siki inatibu nini?" Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu: nilimtajia yale yaliyothibitishwa na yale ambayo hayajathibitishwa. Alisikiliza yote. "Vizuri," alisema. "Umesoma."

Alikufa Jumatano saa kumi alasiri. Mama alikuwa nje anaanika kakao iliyoloa. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kando ya sofa nikimsomea gazeti la zamani, na nilisoma karibu aya nzima kabla ya kugundua kwamba ninajisomea mwenyewe.

Kengele ya kanisa haikupigwa. Alhamisi mchungaji alifika, matope hadi mapajani, akiwa na divai mpya kwenye mkoba; alikuwa ameondoka kwake alfajiri kwenda mjini, na habari alizipata njiani wakati wa kurudi. Alisimama kwenye kizingiti akiwa na mkoba ule, akashindwa kuingia. Mama ndiye aliyemwendea. Siku ya maziko alikuja bila kanzu, akaketi kwenye benchi na wanaume wengine, akashika koleo zamu yake ilipofika. Mzee wa kanisa alianzisha wimbo mmoja, akasema wazi kwamba anaimba kama jirani. Wanawake wa umoja wa mama walikuja wote, wakapika siku tatu, ila hawakuvaa sare zao. Walikuwa wameulizana wao kwa wao wavae nini, na mmoja wao alikuja kumwomba radhi mama. Mama alimwambia, "Kitenge chochote kinafaa kulilia."

Kwa ajili ya msiba sofa na kabati vilitolewa nje ili watu wakae kwenye mikeka. Katika kuhamisha vitu, mtu aliichukua ile chupa, akaimwaga siki, akailoweka ili kuondoa karatasi, akaiosha. Tuliporudisha vyombo niliikuta jikoni imejaa mafuta ya mawese. Glasi yake ilikuwa nzuri, nene, isiyovunjika upesi. Sikuuliza lebo ilikwenda wapi.

Wiki tatu baadaye nilikwenda ofisi ya usharika kumwomba mchungaji alifute jina la baba kwenye orodha. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hoja nne, nilikuwa nimeziandika. Alinisikiliza hadi hoja ya tatu, kisha akafungua daftari, akanionyesha: jina lilikuwepo, na mbele yake, penye nafasi ya siku ya kurudishwa, hapakuandikwa kitu. "Mimi si mwenye daftari hili," alisema. "Mimi natumwa tu. Lakini nikwambie jambo moja, binti yangu. Siku ile nilikuuliza wewe kwa sababu niliogopa kujiuliza mwenyewe." Machozi yalimtoka, nami sikujua mtoto wa watu anamfariji vipi mchungaji. Niliaga nikaondoka na hoja yangu ya nne.

Nilimkuta mama anapiga pasi vitambaa vya meza, kwa kuwa Jumapili ilikuwa ya ushirika. Pasi yetu ni ya mkaa. Lazima kuipuliza mara kwa mara, na kuchunga cheche zisiruke kwenye kitambaa cheupe. Nilimweleza nilikotoka.

"Mchungaji hakukuuliza habari ya divai," mama alisema, bila kuinua macho. "Alikuuliza kama aendelee."

"Kwa hiyo nilipaswa kusema ndiyo?"

Alikunja kitambaa, akakikunjua tena, akatafuta mkunjo alioukosea. "Ulisema kilichokuwepo. Sikukulea useme vingine." Alipuliza pasi. "Mimi nilikuwepo pale. Na mdomo ninao. Ningeweza kusema, mchungaji, mpe hivyohivyo, mimi ndiye niliyekosewa, mpe. Nilingoja wewe useme, kwa sababu umesoma. Na labda nilitaka angoje kidogo, kama nilivyongoja mimi. Siku nne tu. Sikudhani ni nyingi."

Hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kuniambia juu ya Ngonga.

Jumapili alitangulia kanisani kama kawaida, akatandika vitambaa, akapanga vikombe, akavihesabu. Divai ilikuwa ileile aliyoileta mchungaji Alhamisi ile. Mahubiri yalipokwisha safu ya kwanza ilisimama, ikaenda, ikarudi. Mzee wa kanisa akaja akasimama mwisho wa safu yetu, ya pili, akatuonyesha kwa mkono kwamba tupite. Mama aliweka mikono yake mapajani. Mimi nilimtazama, nikasubiri anisukume kwa kiwiko kama alivyozoea, hakunisukuma. Waliokuwa pamoja nasi walipita mbele yetu, mmoja mmoja. Mzee wa kanisa alitungoja muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Kisha akaita safu ya tatu.